Mafuta yasiyokuwepo: densiti na spektra ya infraredi kwenye bomba la shinikizo kubwa

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Tunazidua mafuta ya mbegu kwa kaboni dioksaidi superkritikali, bar 300 na nyuzijoto 50, na mara nyingine tunaongeza ethanoli kidogo. Kwenye bomba la kutokea tumefunga seli yenye madirisha, na tunasoma spektra za infraredi ya karibu papo kwa papo. Hali ikitulia, modeli yetu, ile hesabu inayokadiria mafuta kutokana na spektra, inakubaliana na mizani. Tukishusha shinikizo hadi bar 150, au pampu ikiyumba, modeli inaruka. Juzi ilisoma mafuta mtungi ukiwa mtupu. Je, kifaa kina hitilafu? Na njia hii yaweza kutuambia wakati wa kusimamisha kazi? Mwenzetu anayekausha erojeli (jeli zinazokaushwa bila kunywea, zikabaki na vinyweleo vyake) anauliza kama itamfaa na yeye, na kama spektrometa ya nanomita 900 hadi 1700, ambayo bei yake ni nafuu, itatosha."

Ndugu msomaji, kifaa chenu ni kizima. Kinachowayumbisha ni densiti ya kaboni dioksaidi yenyewe, na msipoishughulikia hiyo kwanza, hakuna hesabu ya kompyuta itakayowaokoa. Nitaanza hapo na nitakaa hapo kitambo, maana maswali yenu mengine yote yanaegemea jambo hilo.

Spektra, yaani rekodi ya mwanga uliofyonzwa kwa kila urefu wa wimbi, haijui asilimia. Inachojua ni molekuli ngapi zimekutana na mwanga kati ya dirisha moja na jingine. Kwenye maji au mafuta ya kawaida tofauti hiyo haisumbui, kwani kioevu hakibanwi kirahisi: ukijua idadi ya molekuli kwenye njia ya mwanga, uwiano wake umeshaujua. Giligili superkritikali haina utulivu huo. Kaboni dioksaidi huvuka nukta yake ya kritikali, ambayo kupita hapo kioevu na gesi havitofautiki tena, kwenye nyuzijoto 31.0 na bar 73.8, na katika ujirani wa nukta hiyo bado hubanwa kama gesi ilhali imeshaanza kuyeyusha vitu kama kioevu. Kwenye nyuzijoto 40, bar 80 hutoa densiti ya takriban kilo 278 kwa mita ya ujazo. Ongeza bar 20 tu na densiti inafika 629. Au shikilia bar 100 na upandishe joto kutoka 40 hadi 50: 629 inaporomoka hadi 384, wastani wa kilo 24 hivi kwa kila nyuzi moja. Hita inayoyumba kwa nusu nyuzi katika eneo hilo inaichezea spektra kuliko mafuta mnayoyatafuta.

Kwa bar 300 na nyuzijoto 50 mko mahali patulivu. Densiti ni karibu 870, na bar chache juu au chini haziitikisi sana, ndiyo maana modeli na mizani vinaelewana. Mkishuka hadi bar 150 kwa joto lile lile, densiti inakuwa karibu 700. Moja ya tano ya kaboni dioksaidi imeondoka mbele ya mwanga, na modeli haijawahi kuonyeshwa kwamba jambo kama hilo hutokea. Ikiona spektra imegeuka, hutafuta sababu katika kitu pekee ilichofundishwa, yaani mafuta.

Mageuzi yenyewe yana sura tatu, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mikanda ya kaboni dioksaidi yenyewe. Gesi hii haionekani kwa macho, lakini katika infraredi ya karibu ina vilele vitatu vinavyojulikana vizuri, karibu na nanomita 1960, 2010 na 2060, pamoja na vingine hafifu zaidi karibu na 1434 na kati ya 1570 na 1610. Densiti ikipungua, vilele hivi hupungua, na mabega yake hupanda au kushuka chini ya vilele vya vitu vingine.

Ya pili hutokea kwenye madirisha, na wengi huisahau. Kila mwanga unapotoka kwenye yakuti samawi ya dirisha kuingia kwenye giligili, sehemu yake hurudishwa, na kiasi kinachorudi hutegemea jinsi vitu hivyo viwili vinavyotofautiana katika kupinda mwanga. Kipeo cha upindaji cha yakuti katika eneo hili ni kama 1.74. Cha kaboni dioksaidi nyepesi ni karibu 1, na kwenye densiti ya 870 hufika 1.2. Kwa hiyo kila uso wa ndani hurudisha asilimia 7 hivi ya mwanga bomba likiwa na gesi nyepesi, na zaidi kidogo ya asilimia 3 likiwa limejaa giligili nzito. Mkipiga hesabu kwa nyuso mbili, mstari wa msingi wa spektra unahama kwa kama 0.04 za ufyonzaji bila molekuli yoyote ya mafuta kuhusika. Kutoka bar 300 hadi 150 kuhama ni kudogo zaidi, kama 0.006. Msilidharau hilo. Kwa makadirio yangu, katika seli ya milimita 10, gramu moja au mbili za mafuta kwa kilo ya kaboni dioksaidi hutoa ishara ya ukubwa huo huo. Mtungi mtupu, shinikizo la chini kuliko lile la spektra ya rejea, mstari wa msingi umepanda, na modeli inasema "mafuta". Nadhani hayo ndiyo mliyoyaona juzi.

Ya tatu ni ya hesabu tu: gramu zile zile za mafuta kwa kilo, densiti ikiwa ndogo, ni gramu chache zaidi kwa lita, na mwanga huhesabu kwa lita.

Dawa ya sura ya pili ni rahisi. Geuzeni spektra kuwa derivativi ya pili, inayoonyesha mkunjo wa mstari badala ya kimo chake, kwa njia ya Savitzky na Golay, ile iliyochapishwa mwaka 1964 na ambayo imo katika kila programu ya kuchakata spektra. Mstari wa msingi ukihama wote kwa pamoja, derivativi haioni chochote. Ila liacheni dirisha la hesabu, yaani idadi ya nukta za spektra zinazohesabiwa kwa pamoja, liwe pana kiasi, maana derivativi hukuza kelele.

Dawa ya sura ya kwanza na ya tatu ni moja, na hii ndiyo naipigia debe kwa moyo wote: itumieni kaboni dioksaidi kama mizani ya ndani. Vilele vyake viko kwenye spektra ile ile, vimepita njia ile ile ya mwanga, sekunde ile ile. Pimeni eneo la mkanda wake mmoja, ligeuzeni kuwa densiti, kisha gaweni ishara ya mafuta kwa hilo. Jibu litatoka kama gramu za mafuta kwa kilo ya kaboni dioksaidi, ambacho ndicho kipimo mnachokihitaji kiwandani. Kalibresheni ya densiti haina gharama: pitisheni kaboni dioksaidi safi katika mtungi mtupu, mpandishe na kushusha shinikizo hatua kwa hatua kwa halijoto mbili au tatu, na mlinganishe eneo la mkanda na densiti inayotokana na majedwali ya shinikizo na joto. Siku moja ya kazi hiyo hufaa kuliko wiki za kurekebisha modeli.

Lakini chagueni mkanda kwa kuangalia urefu wa njia ya mwanga. Vilele vya karibu na 2010 ni vikali. Kwenye densiti ya 870, milimita 10 za giligili huumeza mwanga wote hapo, kilele kinakuwa bapa juu na hakisemi lolote tena. Kwa seli ya milimita 1 au 2 vinafaa sana. Kwa seli ya milimita 10 tumieni kilele cha 1434 au vile vya 1570 hadi 1610, ambavyo ni hafifu na hubaki ndani ya uwezo wa kigunduzi.

Sasa tuje kwenye mafuta. Bahati nzuri kwenu, kaboni dioksaidi haina kitu chenye nguvu kati ya nanomita 1650 na 1850, na hapo ndipo bondi za C–H (kaboni na haidrojeni) hutoa ovatoni yao ya kwanza, yaani mtetemo wa karibu mara mbili ya ule wa msingi. Mafuta ya mbegu huonyesha vilele viwili, karibu na 1725 na 1760. Bondi hizo hutoa pia mikanda ya mchanganyiko wa mitetemo karibu na 2310 na 2350, yenye nguvu zaidi, lakini faiba za silika, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, huanza kula mwanga kupita 2200, kwa hiyo kwa kebo ndefu msiitegemee.

Ethanoli inaleta ugumu, kwani nayo ina C–H na vilele vyake vinaingiliana na vya mafuta katika eneo lile lile. Kinachoitofautisha ni bondi ya O–H (oksijeni na haidrojeni). Molekuli ya ethanoli iliyo peke yake hutoa kilele chembamba karibu na 1410. Zikishikana kwa bondi za haidrojeni hutoa mkanda mpana unaoenea kuelekea 1600. Uwiano wa hali hizo mbili hubadilika kadiri ethanoli inavyoongezeka, na pia kadiri joto linavyopanda, hivyo msitarajie mstari mnyoofu. Mkiongeza ethanoli mara mbili, kilele cha 1410 hakiongezeki mara mbili. Tengenezeni kalibresheni yenye ngazi kadhaa za ethanoli na muiache modeli ijifunze mkunjo huo. Na kama kazi yenu inaruhusu, ifungeni ethanoli kwenye kiwango kimoja kwa pampu yake yenyewe. Kila kitu mnachokituliza kwa mitambo hamtalazimika kukisahihisha kwa hesabu.

Mbegu zina unyevu, na maji nayo huingia. Yakiwa kioevu, maji hufyonza karibu na 1940. Yakiyeyuka katika kaboni dioksaidi molekuli zake huwa mbalimbali na kilele husogea kuelekea mawimbi mafupi zaidi. Mkiona kilele kipana kimetokea ghafla karibu na 1940, huenda kuna matone ya maji kwenye seli, na wakati huo modeli isisikilizwe kabisa.

Kuhusu kujenga modeli yenyewe. Rejresheni ya PLS, inayofupisha spektra nzima kuwa vigezo fiche vichache na kuvihusisha na mafuta, inatosha; sioni sababu ya kukimbilia mbinu nzito zaidi kwa vitu vitano au sita vinavyobadilika. Hesabuni vitu hivyo: densiti, joto, ethanoli, mafuta, maji, pengine na uchafu wa dirisha. Modeli inayoomba vigezo fiche vinne hadi sita inaeleweka. Inayoomba kumi na mbili imeanza kukariri kelele. Muwe waangalifu pia na usawazishaji wa SNV, ambao hugawa kila spektra kwa mtawanyiko wake yenyewe. Katika unga na nafaka husaidia sana. Kwenye giligili angavu, mkiutumia katika eneo ambalo mafuta ndiyo kitu pekee kinachobadilika, mnaifuta habari mliyokuja kuitafuta.

Thamani za rejea mnazipataje? Mnaweza kutega mafuta kwenye kitenganishi kwa dakika kumi, mkayapima, na kuyalinganisha na wastani wa spektra za dakika hizo hizo kumi, mkikumbuka kusogeza saa kwa muda ambao giligili huchukua kutoka seli hadi mtego. Mililita 20 za bomba kwa mtiririko wa mililita 10 kwa dakika ni dakika mbili za kuchelewa, na kosa la dakika mbili wakati mkusanyiko unashuka haraka huharibu kalibresheni nzima. Njia ninayoiamini zaidi ni kuingiza mafuta yanayojulikana kwa pampu ya sindano ndani ya mkondo wa kaboni dioksaidi safi, kwa viwango vilivyopangwa, kabla ya seli. Hapo ninyi ndio mnaoamua mkusanyiko, densiti na ethanoli, na mnaweza kuvichanganya kwa namna ambayo kimoja hakifuati kingine. Uziduaji wa kawaida hauwapi nafasi hiyo: mafuta hupungua daima kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo chochote kinachobadilika na saa, hata joto la chumba, modeli yaweza kukichukua kuwa ndicho mafuta.

Na mkifika kwenye kuipima modeli, ondoeni mkupuo mzima, yaani uziduaji mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, si spektra moja moja. Spektra za mkupuo mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Ukificha mmoja na kuacha mia wanaofanana naye, modeli itamtambua tu. Mikupuo mizima isiyowahi kuonwa, ya siku nyingine na mbegu nyingine, ndiyo itakayowapa kosa la kweli. Ongezeni mikupuo mitupu, kaboni dioksaidi peke yake kwa bar 150, 200, 250 na 300, ndani ya seti ya kufundishia, jibu lake likiwa sifuri. Kwa tatizo lenu hilo pekee lingetosha kupunguza nusu ya kuruka.

Seli iko wapi? Hamkusema kama iko kabla au baada ya vali ya kushusha shinikizo. Iwe kabla. Baada ya vali kuna gesi, matone ya mafuta na wakati mwingine chembe za barafu kavu; mwanga unatawanyika kila upande na hakuna spektra ya maana hapo. Kabla ya vali giligili bado ni awamu moja, na inabaki hivyo iwapo bomba linapashwa joto lile lile la mtungi. Seli ikiwa baridi kuliko mtungi, nta za mbegu huganda kwenye madirisha, na mtaona mafuta "yakiongezeka" polepole mkupuo mzima. Wekeni kichujio cha chuma kilichoshindiliwa kabla ya seli, mkondo upande kutoka chini kwenda juu, na muwe na njia ya pembeni ya kuoshea madirisha kwa ethanoli. Mwisho wa kila mkupuo someni kaboni dioksaidi safi na mlinganishe na ya mwanzo kwa shinikizo na joto lile lile. Zikitofautiana, dirisha limechafuka au taa imechoka.

Pampu za pistoni husukuma kwa mapigo, na kila pigo ni wimbi dogo la densiti. Chukueni wastani wa muda unaobeba mapigo kamili kadhaa badala ya kukata katikati ya pigo. Uziduaji wenu huchukua saa nyingi. Spektra moja kila nusu dakika ni nyingi ya kutosha, na muda huo unawaruhusu kukusanya michoro mingi, yaani kuisoma tena na tena, kwa kila spektra. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: michoro mara nne, kelele nusu.

Epukeni pia kufanya vipimo karibu na nukta ya kritikali. Thomas Andrews, aliyeieleza nukta hiyo kwa kaboni dioksaidi mwaka 1869, aliona katika bomba lake la kioo michirizi inayocheza pale mpaka wa kioevu na gesi unapotoweka. Densiti hapo hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, giligili inakuwa kama ukungu, na mwanga hutawanyika. Hakuna modeli ya kusahihisha hilo vizuri. Mkipita hapo wakati wa kupandisha au kushusha shinikizo, programu isimamishe usomaji mpaka densiti ipande kupita kiwango mtakachokichagua.

Neno moja la usalama, kwa sababu dirisha ndilo sehemu dhaifu ya mtambo wowote wa shinikizo. Seli iwe imethibitishwa kwa shinikizo la juu kuliko la kazi yenu, iwe upande wa bomba unaolindwa na diski ya kupasukia (inayopasuka yenyewe shinikizo likizidi), na asiwepo mtu anayesimama akilitazama dirisha moja kwa moja. Mipira mingi ya kuzibia hufyonza kaboni dioksaidi na kupasuka shinikizo likishuka ghafla. Shusheni polepole, na mzikague kila mara. Kihisi cha kaboni dioksaidi kiwepo chumbani, karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Uzuri wa faiba ni kwamba hupeleka mwanga tu, kwa hiyo spektrometa na umeme wake vinaweza kukaa mbali na ethanoli.

Sasa, wakati wa kusimama. Uziduaji wa mafuta ya mbegu una hatua tatu. Mwanzoni kaboni dioksaidi hutoka ikiwa imebeba karibu kila inachoweza kubeba, na mkusanyiko unabaki mtambarare. Kwa hali zenu ni gramu chache kwa kilo, na ethanoli huuongeza. Kisha mafuta yaliyo wazi juu ya chembe yanaanza kwisha na mkondo unashuka haraka. Mwishoni yanabaki yale yaliyofungiwa ndani ya seli za mbegu, yanayotoka kwa kusambaa polepole, na mkia huo waweza kuvutwa kwa saa nyingi. Infraredi ya karibu inaona hatua mbili za kwanza vizuri sana. Katika mkia inapofuka, kwani uwezo wake wa kawaida huishia karibu na sehemu moja kwa elfu, yaani gramu moja kwa kilo. Kwa seli ndefu na wastani mrefu mtashuka chini kidogo ya hapo, msitegemee zaidi.

Kwa maoni yangu hilo halipunguzi faida yake. Uamuzi wa kusimama hauhitaji sifuri. Unahitaji kujua lini gramu zinazotoka kwa saa hazilipi tena gharama ya kusukuma kaboni dioksaidi, na hatua hiyo karibu daima iko kwenye mteremko, pale ambapo kifaa bado kinaona. Chagueni sehemu ya mkusanyiko wa mwanzo, tuseme moja ya tano, na msimame mkondo ukikaa chini yake kwa dakika kumi mfululizo. Kigezo hicho cha uwiano kina faida nyingine: kosa dogo la modeli linalozidisha kila kitu kwa kiasi kile kile halikigusi.

Mkitaka zaidi, zidisheni gramu kwa kilo na mtiririko wa kaboni dioksaidi. Kilo 10 kwa saa zikibeba gramu 8 kwa kilo ni gramu 80 za mafuta kwa saa. Jumlisheni mkupuo wote na mlinganishe na mafuta yaliyopimwa kwenye mizani mwishoni. Spektra ikisema gramu 310 na mizani ikisema 290, tofauti ni asilimia 7, na mkiandika tofauti hiyo kwa kila mkupuo mtaona modeli inaanza kupotoka wiki kadhaa kabla haijawadanganya waziwazi. Mbali na mtiririko, ukaguzi huu hauongezi kipimo chochote kipya, na sijaona mwingine ulio mkali kuliko huu.

Kama lengo lenu lingekuwa karotenoidi au kafeini, ningewaambia muache infraredi mtumie mwanga unaoonekana au ultravioleti, ambako vitu hivyo hufyonza kwa nguvu kubwa na huonekana kwa viwango vidogo mno. Raman, inayosoma mwanga wa leza uliotawanywa na molekuli, nayo ni nzuri kwa giligili safi, ila dondoo za mimea zenye klorofili hung'aa zenyewe na kuifunika ishara. Infraredi ya kati, ambako molekuli hufyonza kwa nguvu zaidi, inakwama kwa sababu mkanda wa kaboni dioksaidi wa mikromita 4.26 hufunga njia hata katika tabaka jembamba sana. Udhaifu wa ufyonzaji katika infraredi ya karibu ndio unaoturuhusu kutumia seli ya milimita kadhaa ambayo giligili hupita bila kubanwa.

Kwa mwenzenu wa erojeli, habari ni njema. Yeye anafukuza ethanoli kutoka kwenye jeli kwa kaboni dioksaidi, na ethanoli huanza ikiwa nyingi sana, kwa hiyo ishara ni kubwa na hakuna mafuta ya kuichanganya. Changamoto yake ni kwamba mkondo wa kutokea ukiwa safi haumaanishi kuwa ndani ya jeli ni safi; ethanoli ndani ya vinyweleo hutoka kwa kusambaa, na mkondo wenye kasi huichanganya na kaboni dioksaidi nyingi mpaka haionekani. Afanye hivi: akiona ethanoli imeshuka karibu na sifuri, afunge mtiririko, ashikilie shinikizo na joto kwa nusu saa au zaidi kwa vipande vinene, kisha aufungue tena. Kilele cha ethanoli kikiruka, bado ilikuwa inajikusanya nje ya jeli na kazi haijaisha. Arudie mpaka kufungua kusilete mruko. Akishusha shinikizo mapema, ethanoli iliyobaki hugeuka kioevu ndani ya vinyweleo, mvutano wa uso unaikunja jeli, na wiki za maandalizi zinapotea.

Mwisho, spektrometa ya 900 hadi 1700. Kwa erojeli inatosha kabisa: O–H ya ethanoli kwenye 1410 na vilele hafifu vya kaboni dioksaidi vyote vimo ndani. Kwenu ninyi haitoshi. Kigunduzi cha kawaida cha indiamu, galiamu na aseniki hufifia karibu na 1700, na kilele chenu kikuu cha mafuta kiko kwenye 1725, hatua chache tu ng'ambo ya ukuta. Mtabakiwa na ovatoni ya pili ya C–H, karibu na 1210, iliyo dhaifu mara nyingi zaidi, na itawalazimu kutumia seli ya sentimita kadhaa, yenye madirisha mengine, ujazo mkubwa na ucheleweshaji mrefu. Tafuteni yenye kigunduzi kilichopanuliwa kinachofika angalau 2200, mtumie seli ya milimita 5 hadi 10, na faiba fupi zenye O–H kidogo. Bajeti ikibana, kopeni kifaa cha masafa marefu kwa mwezi mmoja wa majaribio kabla ya kununua chochote, na fedha ya kwanza mtakayoipata iende kwenye mita ya Coriolis ya kupima mtiririko wa kaboni dioksaidi kwa kilo, kwani bila hiyo hesabu ya gramu 80 kwa saa haiwezi kufanywa.